Nguzo ya Mwaka Huu

Asubuhi ya Jumatatu Mama Randa alikuwa karakanani, nyuma ya jengo la Idara ya Usalama Barabarani, akiipiga randa nguzo ya mwaka. Maranda yalijikunja miguuni pake, redio ya mlinzi ilikuwa ikisoma hali ya hewa, na chai yake ilianza kupoa juu ya meza ya kazi, imefunikwa kwa kipande cha mbao ili vumbi lisiingie. Alikuwa seremala pekee wa idara. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili tu. Hata Mkuu wa Idara alimwita Mama Randa.

Kazi ya nguzo aliirithi pamoja na karakana. Mkuu wa kwanza kabisa alitaka hata mtu asiyejua kusoma aingie mapokezini na kuona kwa macho yake barabara za jimbo zimekula watu wangapi. Kwa hiyo kila mwaka ilichongwa nguzo moja ya mbao, ikasimamishwa kando ya nguzo ya mwaka uliotangulia, ikiwa ndefu au fupi kadiri ya waliokufa. Mgeni hakuhitaji maelezo. Akitembea kutoka mlangoni kwenda kwenye dirisha la maulizo alipita kando ya miaka, na miaka ilimfikia kwanza magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani, kisha ikamtazama usoni.

Alipoingia Mkuu wa sasa, nguzo zikaanza kushuka. Mkuu alizipenda. Kila mgeni wake alipitishwa pale, naye Mkuu akiweka kiganja juu ya kila nguzo kama baba anayewapapasa wanawe vichwani, akisema, "Tunashuka."

Kilichokuwa kikishuka ni kanuni. Zamani mtu aliyegongwa akafa alikuwa amekufa kwa ajali, hata kama alilala hospitali miezi. Mkuu alipofika alisema mwezi unatosha. Anayekufa baada ya mwezi ni wa hospitali. Halafu mwezi ukawa wiki. Mwaka huu ulikuja waraka mpya, kwamba mfu wa barabara ni yule aliyekata roho kabla hajainuliwa kutoka kwenye lami. Akishainuliwa, ni mgonjwa, na wagonjwa wana idara yao.

Mdogo wake Mama Randa aliinuliwa. Alikuwa muuza mikate wa baiskeli, na watoto wa mitaa ile waliijua kengele yake kuliko walivyoijua sura yake. Lori lilimpitia kwenye njia panda ya kinu cha unga. Wapagazi wa kinu walitoka mbio kama walivyotoka kila mara, wakamlaza juu ya magunia, wakamkimbiza kwa mkokoteni. Alikata roho kwenye lango la hospitali, ameshikwa mikono na watu wawili asiowajua.

Mama Randa alikwenda kwa Bwana Takwimu, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea kipimo cha nguzo kila mwaka, kumwuliza kama mdogo wake yumo. Bwana Takwimu alikuwa mtu mpole. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Tatizo aliinuliwa."

"Ulitaka wamwache palepale?"

"Sisemi hivyo. Nasema watu wa kinuni wana huruma sana. Wanamwinua kila mtu. Njia panda ile haina mfu hata mmoja."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi Mama Randa. Matuta ya kupunguza mwendo yaliwekwa pale tu palipo na wafu, na penye wafu wengi palitangulia. Njia panda ya kinu haikuwa na wafu, kwa hiyo haikuwa na matuta, na binti wa marehemu aliivuka kila asubuhi akienda shule, begi likimdunda mgongoni. Kila jioni wifi yake Mama Randa, mjane wa muuza mikate, alimwuliza swali lilelile, akiwa hata hajamkaribisha kiti.

"Wifi, matuta lini?"

Na Mama Randa, aliyekuwa akifanya kazi katika idara yenyewe ya matuta, alitazama chini.

Kipimo cha mwaka huu kilikuwa cha kufika chini ya goti. Mama Randa aliikata nguzo, akailainisha, akaipaka vanishi, na kabla ya kuiinua begani aliinamisha kichwa kama alivyofanya kabla ya kila kazi. Hakumwomba Mungu amrudishie ndugu yake. Aliomba mkono wake usishiriki uongo, kisha akakumbuka kwamba mkono wake ndio ulioshika msumeno, akaona haya, akasema amina bila sauti. Jioni alipofunga karakana nguzo ilikuwa imesimama mwisho wa mstari, fupi kama kigoda.

Asubuhi ilikuwa imefika kifuani.

"Imeota," alisema mfagiaji, akiizunguka kwa dekio. Aliomba isogezwe kidogo, maana ilikuwa inamziba njia ya kupitisha ndoo.

Bwana Takwimu aliipima kwa utepe, akaipima tena, akasema mbao mbichi huvuta unyevu, na akamwomba Mama Randa airudishe kwenye kipimo. Mama Randa alileta msumeno. Alipofika katikati ya unene, meno yakagonga chuma. Alikata kwa pembeni, na kipande kilipoanguka zilidondoka nacho funguo tatu zilizofungwa kwa uzi wa kijani. Aliziweka kwenye dirisha la maulizo.

Kabla ya saa sita mwanamke aliyekuja kuulizia leseni ya shemeji yake aliziona, akazichukua, akazigeuza kiganjani.

"Za mume wangu hizi," alisema. "Na mimi nimeshabadilisha kitasa."

Karani wa maulizo alimwambia, kwa uchangamfu, kwamba kitasa cha zamani kinaweza kurudishwa. Mwanamke akakubali, akazitia funguo kifuani, akaenda zake bila kuulizia leseni tena.

Siku iliyofuata nguzo ilimpita Mama Randa kimo. Alikata akiwa juu ya ngazi. Safari hii vilitoka miwani isiyo na kioo kimoja, filimbi ya mwamuzi, na kiatu cha mtoto cha mguu wa kulia. Watu wakaanza kuja. Walipanga foleni kando ya nguzo za miaka iliyopita, wakizungumza kwa sauti ya chini, wakisaidiana kutambua. Mzee mmoja aliyekosa kitu cha mwanawe aliambiwa na mfagiaji arudi kesho, kwamba inaota usiku, asikate tamaa. Bwana Takwimu alipita kati yao akiomba radhi, utepe wake mkononi.

Asubuhi ya tatu nguzo ilikuwa imegusa dari. Mama Randa alipanda ngazi, akaweka msumeno, akavuta mara mbili, na ndani ya mbao kitu kikalia: kri-kriing, kama mtu anayeomba njia kwa heshima. Aliacha msumeno, akachukua patasi, akachimbua taratibu kama mtu anayetoa mwiba katika mguu wa mtoto. Ilikuwa kengele ya baiskeli, imechubuka rangi upande mmoja, imefungwa kwa waya mwekundu pale skurubu ilipopotea. Waya ule aliukata yeye mwenyewe, karakanani, mwaka juzi.

Aliibonyeza kwa kidole gumba. Watu wa kwenye foleni wakageuka.

"Nimekusikia," alisema.

Akashuka, akaifunga ile kengele kwenye nguzo kwa skurubu mpya, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote ungeifikia. Halafu akauviringisha msumeno katika kitambaa chake chekundu, akauweka kwapani.

Mkuu wa Idara aliteremka mwenyewe kutoka ofisini kwake ghorofani. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, kwa sababu kesho yake walitarajiwa wageni kutoka wizarani kuja kuziona nguzo zinazoshuka. Alimsalimu Mama Randa vizuri na kumwuliza habari za nyumbani. Kisha akamwuliza kwa nini nguzo ya mwaka inashikilia dari.

"Imekua, Mkuu."

"Basi ikate."

"Nimeikata mara mbili, na mara ya tatu nimeanza. Sikati tena."

Mkuu alishusha sauti, akawa kama anayembembeleza shangazi yake.

"Mama Randa. Mimi ninatangaza habari njema kwa jimbo zima. Wewe unataka nitangaze kilio?"

"Nataka utangaze waliokufa. Na pale kinuni uweke matuta."

"Pale hakuna mfu."

"Yupo wa kwangu," alisema Mama Randa. Aligeuka kwenye foleni. "Na wa kwenu? Waligongwa wapi?"

"Kinuni," alisema mwenye filimbi.

"Kinuni," alisema mama aliyekishika kiatu.

Wengine walitaja daraja, soko, mteremko wa kituo cha mafuta. Walitaja bila kupaza sauti, kama watu wanaojibu darasani, na kila aliyetaja mahali aliendelea kumtazama Mkuu usoni. Mkuu aliomba msumeno. Mama Randa hakuutoa kwapani. Ukaletwa mwingine kutoka stoo, wenye kutu, na Mkuu akavua koti, akapanda ngazi, akakata. Hakuwa mkataji mbaya. Kijana wa zamani, alijua kuvuta bila kusukuma. Kipande kilianguka, na pamoja nacho ikaanguka kofia ya dereva, nyeusi, yenye nembo ya idara.

Mkuu alishuka, akaiokota. Aliipangusa vumbi kwa kiwiko, akaangalia ndani ambapo dereva wake wa miaka mingi alikuwa ameandika herufi za jina lake kwa kalamu ya wino.

"Huyu alifia hospitali," alisema, akapanda nayo ghorofani.

Wageni wa wizara walipofika, nguzo ilikuwa imetoboa dari, ikapita sakafu ya ofisi ya Mkuu na kusimama kando ya meza yake. Mkuu aliwapokea bila kutetereka. Alikuwa ametundika koti lake juu ya nguzo. Chini, mapokezini, mafundi wa kukodi walikuwa wameipaka rangi ileile ya ukuta, na Bwana Takwimu alikuwa ameandaa waraka mfupi unaoeleza kwamba hiyo ni nguzo ya jengo. Mwisho wa mstari wa miaka kilisimama kigoda kilichonunuliwa dukani, kimeondolewa miguu. Wageni waliweka viganja juu yake wakacheka kidogo, kwa maana iliwabidi wainame. Mmoja aliuliza kwa nini nguzo ya jengo ina kengele ya baiskeli. Mkuu alijibu kwamba ni kwa ajili ya huduma kwa wateja.

Taarifa ya mwaka ilisema tunashuka.

Mama Randa aliandikiwa onyo, akalisoma, akalitumia kufunikia chai. Hawakumfukuza, kwa kuwa hakuna seremala mwingine aliyekubali kuwa na karakana nyuma ya jengo lile. Jioni alikwenda kwa wifi yake, na wifi yake alipofungua mdomo kuuliza, safari hii Mama Randa hakutazama chini.

"Hayaji," alisema. "Sasa nisikilize."

Kuanzia asubuhi iliyofuata walisimama wote wawili kwenye njia panda ya kinu, kabla ya saa ya shule. Walikuwa na vipande vyote vilivyokatwa kutoka kwenye nguzo. Walivipanga barabarani ng'ambo hadi ng'ambo, wakakaa mmoja upande huu na mwingine upande ule, Mama Randa akipunga kitambaa chekundu cha msumeno. Madereva wa malori waliwatukana, wakawaita vichaa, wakauliza kama waume zao wanajua walipo.

"Wa huyu anajua," alisema Mama Randa. "Teremka, nikuonyeshe alipolalia."

Walifunga breki. Binti wa muuza mikate alivuka na wenzake, begi likimdunda mgongoni, bila haraka. Wapagazi wa kinu walisimama mlangoni, mikono imejaa unga, kwa mara ya kwanza hawana wa kumwinua. Walipokwisha kuvuka watoto, gari la idara lilikuja kuvikusanya vile vipande, kama lilivyofanya tena kesho yake na kesho kutwa, kwa sababu ni kosa kuweka vizuizi mahali pasipo na ajali. Vipande vilirudishwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Mama Randa.

Huko mapokezini watu waliendelea kuja. Waliopotewa waliipapasa nguzo, wakabonyeza kengele, na ghorofani Mkuu alinyamaza katikati ya sentensi mpaka mlio uishe, kisha akaendelea. Ilizoeleka. Waliompigia simu walidhani ofisi yake iko jirani na muuza mikate.

Mwaka ulipokwisha, Bwana Takwimu aliteremka karakanani na kipimo kipya. Kulikuwa na waraka mwingine: mfu wa barabara sasa alikuwa yule aliyekata roho kabla gari halijasimama. Kipimo kilikuwa sawa na unene wa sahani. Alikitoa huku akitazama pembeni, akasema yeye ni mtumwa tu wa karatasi, na kwamba Mama Randa amwombee.

"Nakuombea kila siku," alisema Mama Randa. "Kwa jina."

Alikipokea kipimo. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, na aliposema amina aliisema kwa sauti. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akazipita mbao fupi, akazipita mbao za kadiri, na kuanza kushusha ile ndefu kuliko zote.