Akiba ya Mshono

Mama mkwe alikuwa ameshafika kona ya pili ya ngazi, fimbo mkono mmoja, begi mkono wa pili, na fundi alikuwa nyuma yake hajui ashike nini. Begi alinyimwa. Mkono wa mama hakuthubutu kuugusa. Alibaki akimfuata hatua kwa hatua kama mtu anayesindikiza maiti, akirudia maneno yaleyale.

"Mama, subiri basi binti yako arudi kutoka kazini."

"Akirudi mwambie nimefika salama."

"Hujafika, mama. Uko kwenye ngazi."

"Mwambie nimefika. Mimi nikishaanza safari huwa nafika."

Chini teksi ilikuwa inanguruma. Dereva akateremka, akalichukua begi bila kuuliza, akaachiwa bila ubishi, na fundi akamwonea wivu mtu asiyemjua. Mama akaingia kwa kuanza na mguu mzima, kisha akauvuta ule mbovu kwa mikono miwili.

"Naenda kwa mdogo wangu," alisema kupitia dirishani. "Jumamosi mwanangu wa kiume anakuja na pikapu anipeleke kwangu. Lile gauni unalonishonea ukilimaliza nitalipitia siku hiyo."

"Kwako utakaa na nani, mama? Na mguu huo?"

"Nitakaa na mlango unaofungika."

Teksi ikaondoka. Fundi akabaki barabarani na futi yake shingoni, pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani mwa shati, watu wakimpita kulia na kushoto.

Alikuwa fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, vyumba viwili na jiko, moja ya zile nyumba ambazo kila mji unazo, za ngazi nyembamba na kuta zinazopitisha kikohozi cha jirani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mkewe alifanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kurudi alasiri na unga kwenye nyusi. Kwa hiyo mama alipoteleza akavunjika nyonga, na binti akaapa kwamba hatamwacha akae peke yake, aliyeshinda naye nyumbani kutwa nzima ni mkwewe.

Bafu la nyumba ile lilikuwa dogo kiasi kwamba ukitaka kugeuka sharti utoke kwanza. Ndani palikuwa na bomba la chini na ndoo, basi. Mama hakuweza kuinama. Hapo ndipo fundi alipoingia dukani na kuona kabati la sinki, limeshatengenezwa kila kitu, jeupe, milango miwili, sinki lake ni bakuli linalokaa juu. Lilikuwa la mwisho, limekwaruzwa ubavu, bei yake ya kutupa. Akalipenda palepale. Mtu ambaye hakati suruali ya mtoto bila futi alinunua kabati kwa jicho, kwa sababu akilini alikwisha kumwona mama mkwe wake amesimama wima mbele ya kabati hilo, ananawa uso kama malkia.

Alilifunga pamoja na seremala wa ghorofa ya chini. Walipomaliza, wakajisifu, wakafunga mlango. Gok. Mlango wa bafu hufungukia ndani, na sasa ulikuwa unagonga kona ya kabati na kubaki wazi upana wa kiganja. Kuugeuza ufungukie nje haikuwezekana, maana nje yake kuna jiko la gesi. Wakatundika kitambaa kwenye ule uwazi, wakasema ni kwa muda tu. Mambo ya muda tu yana tabia ya kukaa.

Mama na mkwewe wakajitungia utaratibu bila kuuzungumza. Mama akiingia bafuni anakohoa mara mbili. Fundi akisikia, anakanyaga cherehani kwa nguvu hata kama hana cha kushona, ili mama ajue mwenzake yuko mbali na macho yake yako kwenye sindano. Siku nyingine alishona uzi mtupu kwenye kipande kimoja hadi kikawa kigumu kama kadibodi.

Jumatatu ile, siku moja kabla ya teksi, mama alikohoa, cherehani ikalia, na katikati ya kulia kwake fundi akasikia kigoda kimeanguka. Akaacha kukanyaga. Kimya. Akaita, "Mama?" Kimya. Akaita tena. Akajikaza, akasogeza kitambaa.

Mama alikuwa sakafuni, ana povu la sabuni, ameng'ang'ania ukingo wa kabati, na lile kabati lilikuwa limembana kati yake na ukuta hawezi kujigeuza ainuke. Hakulia. Alimtazama mkwewe kwa macho ambayo fundi hakupenda kuyakumbuka. Fundi akafumba yake. Akageuka akampa mgongo, akapapasa mezani akapata rula ndefu ya mbao ya kukatia nguo, akainyoosha nyuma yake kupitia mlangoni. Ikakaa hewani. Kisha akahisi imeshikwa. Akavuta polepole kama punda wa mkokoteni, mpaka akasikia mama amesimama.

Fundi hakufanya kosa hata moja, na wema huo ndio uliomfukuza mama. Usiku alikula matonge mawili. Asubuhi, binti alipokwisha kwenda kiwandani, akafunga begi.

Mke aliporudi akasimuliwa yote. Akaketi kitandani na aproni yake.

"Mama yangu," alisema, "hata daktari alimwomba avue kilemba wakagombana nusu saa. Leo mkwewe amkute vile! Rudisha hilo kabati dukani."

"Vya bei ya kutupa havirudishwi. Na likiondoka, ainame kwenye ndoo?"

"Basi lipunguze."

"Nilipunguze?"

"Kwani wewe kazi yako nini, baba? Mtu akikuletea suti ya dukani inampwaya, unamwambia airudishe?"

Fundi akamtazama mkewe. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa bafu, mikono kiunoni, kichwa upande, kama anavyosimama mbele ya mteja mnene aliyenunua shati jembamba. Kwa mara ya kwanza akaliona kabati vizuri. Ni kweli. Limeshonewa mtu ambaye hayupo.

Seremala wa chini alipoombwa msumeno alicheka hadi akashika ukuta.

"Fundi nguo! Umeingia kwenye mbao? Utaunga na uzi namba ngapi?"

"Niazime, acha maneno."

"Nakuazima. Ila ukikata kidole usinililie, kishone mwenyewe."

Alifanya kazi kwa namna aliyoijua. Alitandika magazeti sakafuni, akayaunganisha kwa pini, akakata umbo la kabati kwa karatasi kwanza. Akalipeleka bafuni, akalishikiza, akafungua na kufunga mlango mbele ya karatasi, akapunguza kwa mkasi. Kona ya mbele, ile iliyokuwa inagonga, akaikata mshazari kama kwapa la koti. Bakuli la sinki akalisogeza mpaka ukutani. Milango miwili ya kabati akaing'oa kabisa, maana ikifunguliwa ilikuwa inakula nafasi ya miguu, na mahali pake akakusudia kuweka pazia, ili mama aketi kwenye kigoda na kuingiza magoti chini ya sinki. Kazi ya pazia haikumtisha.

Kilichobaki ni urefu. Kabati liinuliwe kiasi gani ili mama asiiname wala asinyooshe mabega? Futi ilikuwa shingoni, lakini mkwe hazungushii futi mwili wa mama mkwe, na mwenye mwili mwenyewe hakuwapo. Ndipo alipolitazama lile gauni kwenye kiango, linangoja kupindwa mikono. Alilikata mwenyewe kwa kufuata gauni kuukuu ambalo mkewe alimletea. Yote yalikuwamo: bega lilipo, kiwiko kilipo, kiuno kilipo, hata ule upande wa kushoto alioushusha kidogo kwa sababu tangu aanguke mama husimama ameinama upande huo. Akalitundika bafuni, pindo likiwa juu ya sakafu kwa kiasi kilekile linachokuwa mama akilivaa, akaweka alama ukutani pale kiwiko kilipofika. Halafu akaketi juu ya ndoo akaliangalia. Mkewe alimkuta hivyo.

"Unaongea na gauni?"

"Nalisikiliza."

"Linasemaje?"

"Linasema nilikuwa mjinga."

"Gauni lina akili," mke alisema, akamletea chai.

Chini ya kabati akaweka miguu ya mbao. Ubavuni akafunga mshikio wa bomba la chuma, akauning'inia kwa uzito wake wote mpaka mkewe akampigia kelele. Akachora kwa chaki, akakata kwa msumeno, akasugua kingo kwa msasa, akapaka rangi isiyoingiza maji. Alipolifunga mahali pake ilikuwa Jumamosi na honi ya pikapu ilikuwa inalia chini. Mlango wa bafu bado ulikuwa umetolewa kwenye bawaba. Akaurudisha, anatokwa na jasho, hakuwahi hata kuujaribu.

Mama akapanda ngazi taratibu, mapumziko kila kona. Binti yake akamshika. Mwanawe wa kiume alibaki chini na injini inawaka. Begi lilikuwa tayari nyuma ya pikapu, limefungwa kamba.

"Nimefuata gauni," mama alisema, hajaketi.

"Lipo, mama. Lakini kabla hujalichukua, kuna kitu nataka ujaribu."

"Kama nguo?"

"Kama nguo. Ikikubana, sema."

Mama akamtazama binti yake, binti akatazama dari. Akaingia bafuni. Akaona kabati jembamba limesimama kwa miguu yake, pazia la maua madogo, mshikio. Akaushika mlango, akausukuma kuufunga.

Gok.

Uwazi ulikuwa umepungua. Sasa ulikuwa upana wa vidole viwili. Lakini ulikuwapo.

Chini honi ikalia tena. Mke akaziba mdomo kwa kiganja. Mlango ukafunguliwa, mama akachungulia kona ya kabati, akapitisha kidole kwenye ubao.

"Hii chaki ya nini?"

Fundi akainama. Kwenye ubavu usiopakwa rangi palikuwa na mstari, mzuri, umenyooka. Na nje ya mstari, vidole viwili mbele, ndipo msumeno ulipopita.

"Huo ni mstari wa mshono, mama," alisema taratibu.

"Na umekata wapi?"

"Nje ya mstari."

"Kwa nini?"

Mikono ya fundi ilikuwa imefanya hivyo miaka yote, kitambaa juu ya kitambaa, bila kumwuliza.

"Akiba ya mshono. Unaacha kidogo, ili... ili mtu akinenepa uweze kufumua na kumwongezea."

Mama aliutazama ubao. Akautazama mlango. Akamtazama mkwewe.

"Mlango wangu utanenepa?"

Ilianza kama kikohozi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaushika ule mshikio, na mama ambaye siku zote alizokuwa kwa mdogo wake hakuonyesha meno alicheka hadi machozi yakamtiririka. Binti akaangukia ukuta. Fundi naye, uso umemwiva kwa aibu, akajikuta anacheka pia, na baada ya mbavu kuwauma wote watatu hakuna aliyekuwa akimwangalia mwenzake kwa upande.

"Lete kiti," mama alisema, akijifuta kwa ncha ya kilemba. "Kata kwenye mstari. Mimi nangoja."

"Kaka anapiga honi," mke alisema.

"Apige. Honi ni yake."

Akaketi kwenye kiti cha fundi, karibu na cherehani, huku msumeno ukilia bafuni. Vumbi jeupe likajaa hewani. Mara mojamoja alisema, "Nyoosha huo mkono," na fundi akajibu, "Ndiyo, mama." Kilipodondoka kile kipande chembamba, fundi akapangusa, akatoka nje, akakaa pembeni.

Mama akaingia. Mlango ukaenda, ukapita kona, ukafika mwisho wake. Kisha komeo likasikika kutoka ndani: kra.

Waliobaki nje wakatega sikio. Wakasikia kigoda kinavutwa, maji yanafunguliwa, yanafungwa. Halafu sauti.

"Mkwe."

"Naam, mama." Bila kujua alikwenda kukaa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio.

"Usikanyage hiyo mashine, nataka kukuuliza. Siku ile, macho ulifumba kweli?"

"Nilifumba, mama."

"Najua ulifumba. Nilisikia ulivyogonga kichwa kwenye kabati la vyombo."

Mke aligeuka akamtazama mumewe, ambaye wiki nzima alisema uvimbe wa kichwani mwake ni wa kulala vibaya.

"Iliniuma si kwa sababu uliniona," mama aliendelea, na maneno yalikuja moja moja. "Iliniuma kwa sababu nilihitaji msaada. Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa, mama."

Maji yakafunguliwa tena, yakatiririka kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kunawa uso. Yalipokoma, sauti yake ilikuwa imerudi kama kawaida, ile ya kuamrisha.

"Mwambieni huyo dereva azime gari, alete begi langu juu. Na avue viatu, nyumba hii ina watu wanaofagia."

Mama alikaa nao mpaka nyonga ikapona, kisha akaendelea kukaa. Alifariki miaka kadhaa baadaye, asubuhi, usingizini. Mwanawe aliuza pikapu akanunua nyingine mbovu zaidi. Mdogo wa mama alihamia kwa wajukuu. Seremala aliondoka mji ule na hakuaga. Mke alipandishwa kazi kiwandani, akapewa zamu ya mchana. Chini ya kabati ubao ulikunywa maji ukavimba, fundi akaubadilisha mara mbili, mara ya tatu akaacha. Walipohama, wapangaji waliofuata waling'oa kabati lile wakaweka mashine ya kufulia. Fundi bado anashona, kwa miwani.