Ng'ombe wa Mama Collins Ni Wangapi

Nilikuwa nimebakisha siku moja. Hafsa, bosi wangu pale ofisini Eldoret, hakuzungusha maneno: wafugaji arobaini wa kijiji cha Ziwa waliweka kwenye simu programu yetu ya kurekodi maziwa, na hakuna hata mmoja aliyeitumia. "Joyline, niletee sababu Ijumaa. Ukikosa, kazi yako ya majaribio inaishia hapo."

Sababu! Programu yenyewe niliichora mimi, skrini moja moja, kwa hiyo neno hilo lilinichoma. Siku mbili nilikuwa nimezunguka Ziwa boma kwa boma nikiuliza, "Je, programu ni rahisi?" Rahisi sana. "Mmeipenda?" Tumeipenda, asante, hebu ongeza mursik. Maziwa yale ya kibuyu niliyanywa mpaka tumbo likawa ngoma, na daftari langu likajaa "nzuri" kurasa nne.

Alhamisi mchana nikaingia kwa Mama Collins. Naye akanipa kikombe kabla sijakaa vizuri.

"Mama, hii programu ni nzuri, siyo?"

"Nzuri kabisa."

"Inakusaidia?"

"Sana."

Uongo mtupu! Kompyuta ya ofisi ilionyesha hajawahi kuandika hata lita moja. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kuwarushia kuku lile daftari. Halafu nikajiuliza, huyu mama amenipa maziwa, nami namuuliza kama kazi ya mikono yangu ni nzuri. Nilitaka ajibu nini? Hapa kwetu mgeni haambiwi kazi yake ni mbaya akiwa bado ameshika kikombe.

Nikafunga daftari. "Mama, ile siku uliiweka kwenye simu, ulifanya nini kwanza? Nionyeshe tu. Mimi nitanyamaza."

Akafuta mikono kwa leso, akachukua simu. Akaandika jina, upesi. Akaandika kijiji. Skrini ya tatu ilipofunguka kidole chake kikasimama. Nilitamani sana kumsaidia, nikauma ulimi. Akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Hapo ndipo nilienda kukata nyasi," akasema.

"Ukairudia lini?"

"Sikuirudia."

"Ni nini kilikufanya uache?"

Alinitazama kwanza, kutoka viatu mpaka nywele. "Wewe ni msichana wa nani?"

"Wa Mzee Lazarus, wa Kiplombe."

"Aa. Na huko kwa baba yako kuna ng'ombe wangapi?"

Baba yangu hata daktari wa mifugo humjibu, "Wapo wapo tu." Nikiwa na miaka saba niliwahesabu kwa sauti pale langoni, mmoja, wawili, watatu, na nyanya akanichapa miguuni akiuliza kama nataka waishe. Wiki hiyo hiyo ndama akafa, na mpaka leo mama hajaacha kunikumbusha. Maskini mimi! Na sasa skrini ya tatu, kwa herufi nilizochagua mwenyewe, ilisema: "Una ng'ombe wangapi? Andika idadi ili uendelee." Watu arobaini walifika hapo wakaenda kukata nyasi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama Collins alicheka akashika mbavu, nami nikashindwa kujizuia.

"Lakini mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza kama ni nzuri. Hukuuliza tulifanya nini."

Nikafungua daftari ukurasa mpya. "Na maziwa je? Lita huwa mnazitaja?"

"Maziwa yanapimwa kila asubuhi pale barabarani mbele ya kila mtu. Hayo niulize mpaka uchoke."

Nikauliza mpaka tukaitwa na ng'ombe wenyewe, saa ya kukamua ikiwa imefika.

Ijumaa asubuhi Hafsa alisoma ukurasa wangu mmoja mara mbili. Akauliza ni nani aliyeweka lile swali. Nikamwambia ni mimi, na kwamba katika ofisi nzima ni mimi niliyefaa kujua.

Akaegemea kiti. "Kwani kwenu mna ng'ombe wangapi?"

"Wapo," nikasema.

Akacheka, akafungua droo, akanipa barua ya kazi niweke sahihi.