Lipu ya Chumba cha Kulala

Haya alinieleza Babu Fito mwenyewe mwaka juzi, wiki ile mvua zilipokatika. Nilikwenda kumrudishia ungo nikamkuta kakaa mlangoni, udongo umemkaukia mikononi hadi viwikoni. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe, nami nikakaa nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Watu wanamwita Babu Fito, kwa sababu maisha yake yote alikuwa fundi wa nyumba za miti na udongo. Kusimamisha nguzo, kufunga fito, kujaza udongo katikati mpaka ukuta ukasimama, hapo humwambii kitu. Lakini siku hizi nani anamtaka? Watu wanajenga kwa matofali ya saruji na mabati, na mchana humo ndani wanaiva kama viazi vya kuchemsha. Basi Babu Fito alikuwa anakaa tu. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Mtoto wao wa pekee yuko mbali, anapiga simu Jumapili, anauliza baba umekula nini, baba anasema nimekula vizuri, kisha wanaagana.

Ndipo akaja binti mmoja, msanifu wa majengo. Alikuwa anachora maktaba ya chuo, na alitaka nguzo za zege na paa pana lililotokeza nje kuzuia mvua, ila kuta zake ziwe za fito na udongo, ili wanafunzi wasome kwenye ubaridi bila mashine. Wenzake walimcheka. Kamati ya chuo ikamwambia: tengeneza ukuta mmoja wa mfano, tutakuja kuuona baada ya wiki tano. Ukiwa mbovu, tunajenga kwa matofali, na habari ya udongo tusiisikie tena.

Akamuuliza Babu Fito kama anaijua kazi hiyo yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Babu Fito akasema, "Najua." Na hapo ndipo alipojiponza.

Maana kwao kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mwanamume anasimamisha ukuta, mwanamke anausiriba, yaani anaupaka lipu laini ya udongo nje na ndani. Siku ya kusiriba wanaume wanafukuzwa wasije wakakanyaga kazi ya watu. Babu Fito alikuwa anakwenda zake kunywa kahawa, akirudi anakuta nyumba imeng'aa. Alipenda kumtania mkewe kwamba yeye ndiye fundi, mama watoto ni mpakaji tu. Mkewe alikuwa anamjibu, "Fundi wewe? Bila mimi umejenga banda la kuku."

Ukuta wa mfano aliusimamisha kwa siku nne, mpaka msanifu akawa anaupigapiga kwa furaha. Ikaja lipu. Babu Fito akachukua udongo mwekundu unaonata, uleule wa kujazia fito, akidhani kinachonata zaidi ndicho kitakachoshika zaidi. Akapaka. Siku ya tatu lipu ikapasuka yote, mistari huku na huku kama dimbwi lililokauka. Msimamizi wa ujenzi, mtu wa maneno, akausogelea akautazama.

"Mzee," akasema, "ukuta wako umezeeka kabla yako."

Vibarua wakacheka. Babu Fito naye akacheka. Akaibandua lipu, akapaka tena, safari hii akiongeza samadi na majani. Ikapasuka vilevile, tena ikanuka. Akasema udongo wa upande huu ni mkaidi. Msimamizi akashauri wapake saruji wamalize. Msanifu akakataa, akasema alishaona saruji juu ya udongo, inafungia maji ndani, baada ya masika moja inabanduka vipande vipande. Msimamizi alipoondoka, binti akavuta ndoo akaigeuza, akakaa karibu na mzee.

"Babu, nyumbani ulikuwa unafanya hivihivi?"

Babu Fito akaangalia mikono yake. "Mwanangu, sijapaka ukuta hata siku moja. Alikuwa anapaka mke wangu."

Msanifu hakumgombeza. Aliuliza kama kuna mwanamke mwingine wa zamani anayejua. Walikuwepo, wengi wamekwisha. Aliyebaki ni mmoja, na yeye kumbukumbu imemtoka, Babu Fito alipokwenda kumsalimia, bibi huyo alimwita yeye kwa jina la baba yake. Basi binti akauliza kama kuna ukuta wowote aliousiriba marehemu ambao bado umesimama. Akasema akipata kipande, upana wa sahani, atakiloweka kwenye maji kiyeyuke, na kitaonyesha chenyewe kimechanganywa na nini.

"Hakuna," Babu Fito akasema.

Ulikuwepo. Jiko lilishaanguka, na sebule mtoto wake alikwisha kuipaka saruji kwa kumfurahisha. Ila chumba cha kulala hakikuguswa. Ukuta wa upande wa kitanda, chini mchwa walikula na Babu Fito aliziba mwenyewe ovyo, lakini juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, lipu ilikuwa ya mkewe. Alikuwa na mtindo wake: lipu ikiwa bado mbichi, anapitisha vidole vitatu, anachora upinde, halafu upinde mwingine, mpaka mwisho wa ukuta. Babu Fito aliniambia kwamba tangu amzike, kila akilala anaweka vidole vyake vitatu kwenye mifereji ile. Vyake vinene, haviingii sawasawa. Anaviweka hivyohivyo.

Jioni ile alikaa kitandani akiutazama ukuta. Alijisemea kwamba maktaba si yake, wala kusoma kwenyewe hajui sana. Wakijenga kwa matofali atapungukiwa nini? Atarudi hapa, atalala, ukuta upo. Lakini alifikiri pia kwamba siku yeye akiondoka, mtoto atakuja na nyundo avunje vyote kwa asubuhi moja, na hapatakuwa na mtu duniani anayejua yule mwanamke alikuwa anachanganya nini. Kwa asubuhi mbili alikwenda kazini akarudi bila kusema. Ya tatu akachukua tindo.

Hakupata pa kukata pasipo na vidole. Akakata taratibu, mkono mmoja umekingwa chini, kama anayemvua mtoto shati akiwa usingizini. Akakifunga kipande kwenye shuka akakipeleka.

Msanifu akakifungua, akakiinamia. "Babu, hiki kina alama za mkono wake."

"Ndiyo."

"Tutafute kingine."

"Hakuna kingine. Loweka."

Binti akaomba angalau akipige picha kwanza. Akapiga. Kisha Babu Fito akakivunja yeye mwenyewe ndani ya chupa pana ya kioo, wakatia maji na chumvi kidogo ili udongo utue upesi, wakatikisa, wakakiacha juu ya meza ya michoro. Hadi kesho yake vitu vilikuwa vimejipanga. Juu yanaelea majani, yamekatwa mafupi kama ukucha. Katikati udongo mwekundu, kidogo tu. Chini, zaidi ya nusu, mchanga. Mchanga safi wa mtoni.

Babu Fito akakaa chini. Mkewe alikuwa anakwenda mtoni na chekeche kabla ya kusiriba, siku nzima, na yeye miaka yote alidhani anakwenda kupiga soga na wenzake. Hata alikuwa anamnunia akichelewa kurudi.

Wakachanganya mchanga vipimo viwili kwa kimoja cha udongo, wakakata majani, wakaacha rojo ikae siku tano. Babu Fito akapaka, binti akapaka pembeni yake. Haikupendeza sana, mikono ya wanagenzi. Lakini siku ya tatu haikupasuka, wala ya saba. Kamati ilipokuja walimwaga maji ukutani, wakakwaruza kwa funguo, wakamtaka Babu Fito apake kipande kingine mbele yao, wakanong'onezana, wakasema kuta zijengwe. Kwenye mchoro msanifu alikuwa ameandika lipu ya Babu Fito. Mzee akamwambia afute, akamtajia jina la mkewe, herufi moja moja, asikosee.

Wakaalikwa chai. Yeye akaaga, akasema mgongo unamuuma. Ukweli ni kwamba alikuwa na habari ya kumpa mtu, na mtu mwenyewe hayupo. Njia nzima aliipanga vile angeisema, na vile angechekwa.

Ndiyo jioni ile niliyomkuta mlangoni. Jua lilikuwa bado halijazama nilipomwachia ungo wake nikaondoka. Kesho yake aliniambia kwamba hakunawa wala hakula. Aliingia ndani, akajilaza, akasema kwa sauti, "Kumbe siri ilikuwa mchanga, mama watoto." Akangoja kidogo, kama mtu anavyongoja jibu. Halafu akalala.