Sare Aliyoichagua Mashavu

Mashavu alikuwa na siri moja: hajui kusoma. Miaka mitatu kakaa na wenzake wa Umoja wa Wanawake, katika chumba walichokipanga Vuga wale Wamethodisti wachache waliotoka Ribe, kitabu cha nyimbo kakifungua magotini, anaimba kwa moyo wala hakosei. Nani angemshuku?

Basi Bi Dorkasi, mkubwa wao, akamtuma sokoni Darajani akanunue kanga za sare, maana Jumapili wanakwenda kuwatazama wagonjwa hospitali. Mashavu alifurahi, wee! Akachagua nyekundu, doti kumi na mbili. Amuulize mwenye duka zimeandikwa nini? Thubutu! Aibu hiyo angeipeleka wapi?

Jumapili wakajifunga, wakasimama mstari. Bi Dorkasi akamtazama aliyekuwa mbele yake mgongoni, akasoma, akashika kifua.

"Mashavu! Maneno haya uliyasoma?"

Yalikuwa maneno ya wake wenza, ya kurushiana uchochoroni: HATA MKINUNA, BWANA NI WANGU. Na wanawake kumi na wawili wameyavaa!

Machozi yakamlenga Mashavu.

"Sijui kusoma, Bi Dorkasi. Sikujua tangu mwanzo."

Hapo akaingia mhubiri, mzee wa watu, akaweka miwani yake sawa na kusoma kwa sauti: "Hata mkinuna, Bwana ni wangu! Aleluya! Nani kachagua maneno ya imani namna hii?"

Wanawake wakauma pindo za kanga wasicheke.

"Mashavu, baba," akajibu Bi Dorkasi, akamshika mkono. "Mashavu wetu."

Hospitali, mgonjwa mmoja, Bi Kazija wa Jambiani, mguu umefungwa bendeji, aliitikia shikamoo zao, kisha akamwita mjukuu wake amsomee zile kanga. Akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Wanangu, bwana mmoja huyo, nyote kumi na wawili mnamuweza?"

"Anatutosha, bibi," akasema Mashavu, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Waliporudi Vuga, Bi Dorkasi akamkalisha, akakitembeza kidole cha Mashavu juu ya kanga, herufi kwa herufi: Bwa-na. Akarudia, akarudia tena. Halafu akamfungulia kile kitabu cha nyimbo, akamwachia atafute mwenyewe.

Mashavu akainama. Kidole kikatambaa, kikasimama.

"Huyu hapa!" akapiga kelele. "Na huyu! Bi Dorkasi, na huyu mwengine! Kumbe miaka yote mitatu nilikuwa nimempakata!"