Gramu Mia Tisa

Delfor Zubiría tulimzika Alhamisi. Tangu siku hiyo naandika kidogo kidogo, birika la mate, chai chungu ya majani tunayokunywa huku kwetu, likiwa pembeni, nisije nikaanza kuyakumbuka mambo kwa namna inayonifaa mimi.

Alikuwa dereva wa mashindano ya magari kwa miaka ishirini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo nilikaa naye kiti cha pembeni, zama zile ambapo kila gari la mashindano yetu lilibeba watu wawili. Kazi yangu ilikuwa kutazama joto la maji na mgandamizo wa oili, na kumjulisha nani anakuja nyuma. Kwa kelele ile huwezi kusikilizana, kwa hiyo nilimgonga pajani. Mara moja, anakuja kulia. Mara mbili, anakuja kushoto. Kiganja kizima, nyuma shwari, endesha tu.

Hapa Laguna Honda, dereva wa mji akishinda, wazima moto wa kujitolea hupiga king'ora. Wa pili hapigiwi. Delfor alikuwa wa pili mara saba. Kila Jumatatu baada ya mbio, Aníbal Urrutia, mkuu wa wazima moto, alimngoja kwenye duka la mkate.

"Vipi, Delfor? King'ora chetu kinaota kutu."

"Kipake mafuta, mzee. Nakuja."

"Unakuja tangu hujaota ndevu."

Delfor alicheka pamoja na foleni nzima. Lakini ubingwa wa nchi hakuuwaza; sisi tulikuwa na fundi mmoja na lori bovu. Alichotaka ni king'ora kilie mama yake akisikie. Mama huyo, Doña Elvecia, alikuwa na miaka themanini na mmoja, na dirisha lake lilitazamana na kituo cha wazima moto. Kila Jumapili ya mbio alikaa hapo na redio.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, gari lilikuwa zuri kuliko miaka yote. Fundi wetu, Quinto, alikesha nalo miezi mitatu. Mimi sikuwa na cha kuongeza, isipokuwa tumbo langu.

"Bonge," Quinto aliniambia mbele ya watu, "siku utakayoshuka humo, gari litashinda bila dereva."

"Mwache," Delfor akasema. "Tukipinduka nitamwangukia yeye."

Niliacha mkate. Niliacha tambi za Jumapili, na kwenye nyama choma nilikata kipande kimoja nikakitafuna mpaka wenzangu walipomaliza. Katika wiki sita nilipungua kilo nne. Sikumwambia mtu. Ovaroli ilikuwa pana, haikunisema.

Sasa nieleze jambo la mizani. Kila gari lilikuwa na uzito wake wa chini kabisa, na baada ya mbio lilipimwa sisi wawili tukiwa ndani. Ili kufikia uzito huo, Quinto alifunga vipande vya madini ya risasi chini ya viti, na siku zote aliacha kilo tano za ziada kwa usalama. Jumamosi, kabla ya mbio, alikuja na daftari.

"Bonge, uzito?"

"Sabini na nane," nikasema.

Nilikuwa sabini na nne. Nilihesabu kwamba kilo zangu nne zitaingia ndani ya zile tano, gari litakuwa jepesi, na hakuna atakayejua. Ilikuwa zawadi yangu kwa Delfor.

Nisichojua ni kwamba asubuhi ile Delfor alikuwa amemvuta Quinto kando na kumwomba apunguze ziada. Quinto alikataa, kisha akakubali. Akaacha kilo tatu na gramu mia moja.

Jumapili tulishinda. Mzunguko wa mwisho Ford ya bluu ilituganda nyuma, nikamgonga Delfor moja, mbili, moja, na katika kona ya mwisho ile Ford ikateleza kwenye majani. Nikamwekea kiganja kizima na sikukiondoa mpaka bendera ya mwisho.

Alilia ndani ya kofia. Tuliposhuka aliazima simu ya Quinto akapiga nyumbani. Alisikiliza, kisha akanibandika simu sikioni.

"Sikia, Bonge. Sikia!"

King'ora kilikuwa kinalia, na nyuma yake sauti ya kizee ikisema, "Ni cha kwangu hicho, ni cha mwanangu."

Saa moja baadaye tuliingia kwenye mizani. Tulipungukiwa gramu mia tisa. Walipima mara tatu. Ushindi ukafutwa.

Quinto alikaa chini juu ya tairi. "Nilipiga hesabu," akawa anarudia. "Nilipiga hesabu mimi."

"Hesabu yako ni nzima," Delfor akamwambia. "Mimi ndiye niliyekulazimisha kupunguza. Nimejinyang'anya mwenyewe."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ilibaki kusema tu. Nikauliza kama kuna mtu ana maji.

Doña Elvecia alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Delfor aliendesha misimu mitano zaidi na hakushinda tena. Quinto hakumtengenezea dereva mwingine gari la mbio. Alirudi kwenye matrekta, akisema hajiamini tena na namba.

Mwezi uliopita, Delfor alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, nilikwenda kumwambia. Nilivaa shati safi. Nikaanza, "Delfor, ile siku ya mizani..."

"Achana na mizani," akasema. Pumzi ilikuwa ndogo. "Nisimulie mzunguko wa mwisho. Ishia kwenye bendera."

Nikamsimulia. Kesho yake akaomba tena. Nilimsimulia siku kumi na moja, na kila siku niliishia kwenye bendera. Ya kumi na mbili hapakuwa tena na wa kusimuliwa.

Siku ya maziko Aníbal alinijia akitembelea mkongojo.

"Bonge, vijana wanataka kumpigia king'ora. Utaratibu unakataa, maana ushindi ulifutwa. Lakini wewe ndiye ulikuwa ndani ya gari. Sema kama anastahili."

Ndipo nikamwambia yote: mkate, ovaroli, sabini na nne.

Alinitazama tumbo, ambalo lilisharudi zamani. "Yeye alijua?"

"Hapana."

"Na Quinto?"

"Hapana."

"Miaka yote hii, Bonge." Akageuka kukitazama kituo. "Basi hakipigwi. Alishapigiwa, na mama yake alikisikia. Wewe kamwambie Quinto. Leo hii, usingoje naye alazwe."

Tulilibeba jeneza tukapita mbele ya kituo, vijana wamesimama kofia mkononi. Nilishika upande wa kulia. Nilitaka kuweka kiganja kizima juu ya mbao, lakini nyuma hakukuwa shwari bado. Niligonga mara moja.

Jioni nilimkuta Quinto chini ya trekta, akiwa bado na suruali ya msibani.

"Kaa, Bonge. Mate iko hapo."

Sikukaa.

"Quinto, ile Jumamosi uliponiuliza uzito wangu," nikasema, "nilikudanganya."

Spana ikaacha kugonga. Nikaziambia soli za viatu vyake namba yenyewe: sabini na nne, hesabu yako ilikuwa nzima.