Kigari cha Pili Kutoka Mlangoni

Egon aliegemea ua, kiko mdomoni, akamtazama jirani yake Bodil akisukuma kigari cha mtoto chenye viazi. Viazi kilo nane, vimefunikwa blanketi vizuri hadi shingoni, utadhani viazi vina shingo.

"Bodil, wee! Hivyo viazi mmeshavibatiza?"

"Nenda zako, Egon."

"Lakini kafanana na babu yake, Mungu amrehemu. Uso ule ule."

Bodil hakucheka. Alifika mwisho wa njia ya kokoto, akageuza kigari, akakanyaga breki, akaiachia, akaanza upya. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, hajakanyaga Kopenhagen tangu bintiye Sidsel ahitimu masomo, na safari ilikuwa imebakiza siku tisa. Mjukuu wake Vigga, kwa taarifa ya simu ya Jumapili, alikuwa na kilo nane na robo. Hiyo robo Bodil aliamua kuisamehe.

Kisiwani Mors, mashambani mwa Denmark, watu wanamjua kuwa mwanamke shupavu. Amezika mume, ameendesha trekta, amezalisha ng'ombe kwenye theluji huku mkono wake umezama ndani hadi kwapani. Lakini Kopenhagen aliiogopa waziwazi, bila haya. Aliogopa baiskeli zake zinazokuja kwa makundi, aliogopa treni zake zisizo na dereva, aliogopa watu wake wanaokujibu kabla hujamaliza kuuliza. Na zaidi ya hayo yote alijiogopa mwenyewe, ila hilo hakumwambia Egon wala mtu mwingine.

Ilianza Krismasi. Sidsel alikuja na mtoto, na Bodil akateleka birika, akatoka kidogo kuwatazama kuku. Kuku wakamchukua mawazo. Aliporudi birika lilikuwa jeusi, jiko limejaa moshi, na moshi umeshapenya hadi chumba alicholala Vigga. Sidsel alifungua madirisha yote, akamtoa mtoto nje, akarudi na kusimama mlangoni. Hakupiga kelele.

"Mama," alisema tu, "siku hizi unasahau."

Bodil angependelea tusi. Kwani mama yake mzazi naye alianza vivyo hivyo, kwa birika, kisha kwa majina, hata siku za mwisho akawa anamwita Bodil "yule msichana wa jikoni" na kumuuliza kwao wapi.

Mwezi wa tatu Sidsel akapiga simu na shauri lake. Alikuwa anarudi kazini. Mama aje Alhamisi moja, akae na Vigga peke yake kutwa nzima. Mambo yakienda sawa, mwezi wa saba Vigga ataletwa Mors wiki mbili, awe wa bibi yake mchana na usiku. Yasipoenda sawa, Sidsel hakusema itakuwaje. Hakukuwa na haja ya kusema.

Ndiyo maana ya viazi, na ndiyo maana ya karatasi. Bodil aliandika kila kitu kwa wino: basi la kuvuka daraja, treni ya kwanza, treni ya pili, behewa, kiti, ngazi ya kupanda, upande wa kugeukia. Kadi ya safari iguse mashine unapoingia, iguse tena unapotoka. Usisimame kwenye njia ya baiskeli. Hapo alipiga mistari miwili chini. Kichwa kikimsaliti, karatasi haitamsaliti. Ndivyo alivyojiambia, na kwa siku tisa maneno hayo yakampa usingizi.

Alhamisi asubuhi Jonas, mumewe Sidsel, alikuwa ameshatoka, na Sidsel alikuwa amevaa koti, mkate mdomoni, anatafuta kiatu.

"Saa sita kamili unaniletea kazini nimnyonyeshe. Vituo vitatu tu, mama. Unapanda Metro."

"Ile isiyo na dereva."

"Ina akili kuliko dereva. Haivuti sigara, haijagombana na mkewe asubuhi."

"Na ikikosea, namwambia nani?"

"Haikosei, mama."

Bodil akatazama kigari kilichokuwa ukumbini, cheusi, kama vigari vyote alivyoviona jana mitaani. "Nikifungie utepe mwekundu? Nikitambue."

"Utepe! Mama, yule si ndama." Sidsel alicheka, akambusu mtoto, akambusu mama, na mlango ukafungwa. Bodil akabaki amesimama na mtu mzima wa miezi saba aliyekuwa akimkagua bila kupepesa macho.

Asubuhi ilikwenda vizuri, na hilo lenyewe lilimtia hofu. Alimbadilisha mtoto nepi. Alimlisha uji wa shayiri. Alivuka barabara tatu, akatukanwa na mwendesha baiskeli mmoja tu. Saa nne na nusu Vigga alisinzia, na Bodil akafuata karatasi hadi kwenye mgahawa ulio chini ya kituo cha Metro, pale reli inapopita juu ya nguzo. Nje ya dirisha vigari vilikuwa vimepangwa safu, na watoto wamelala ndani yake kwenye baridi ya Aprili. Hilo halikumshangaza. Yeye mwenyewe alilala nje alipokuwa mchanga, Sidsel alilala nje. Hewa baridi humpa mtoto usingizi wa maana. Tena mtoto aliyelala hafunuliwi. Unateremsha kitambaa cheupe mbele ya kigari, unaacha redio ndogo ya kunasa sauti miguuni pake, nyingine unaingia nayo ndani ya mkoba, na ukisikia kilio unatoka.

Kabla hajaingia alitoa kalamu, akaandika: *Kigari cha pili kutoka mlangoni.*

Kahawa ilikuwa nzuri. Andazi la iliki lilikuwa zuri zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu avuke daraja la Mors mabega yake yalishuka. Dirisha lilikuwa limeingia ukungu wa pumzi za watu, lakini redio ilikuwa kimya mkobani, na ukimya huo aliusikiliza kama mtu anavyosikiliza saa ya ukutani. Hakumwona mwanamke wa koti la kijani aliyefika baada yake, akasogeza vigari kidogo, akachomeka cha kwake katikati ya cha kwanza na cha Bodil.

Saa sita kasorobo aliinuka kwa haraka. Akasoma karatasi. Akahesabu kimoja, viwili. Akaachia breki na kwenda.

Alijivuna, tusimfiche. Lifti aliipata. Kadi aliigusisha. Treni ikaja, milango ikafunguka, na yeye akaingiza kigari bila kugonga mtu, akakanyaga breki kama alivyofanya mara mia kwenye kokoto. Akasema kimoyomoyo, kumbe naweza.

Ndipo redio ikalia mkobani mwake.

Kilikuwa kilio cha Vigga, kile kinachoanza chini na kupanda. Bodil akainama juu ya kigari, "Nipo, kipenzi, bibi yupo hapa," akangoja kigari kitikisike. Hakikutikisika. Kilio kinatoka mkobani, kigari kimetulia tuli. Akainua kitambaa.

Mtoto mwenye nywele nyekundu alikuwa amelala chali, ngumi mbili juu ya kichwa.

Milango ikajifunga. Treni ikaondoka taratibu, kwa upole kabisa, na kilio mkobani kikaanza kukwaruza, kikakatika, kikarudi mara moja, kikapotea. Ikabaki mikwaruzo mitupu.

Bodil aligeuka kutazama mbele, anakotakiwa kukaa dereva. Palikuwa na kioo, na kijana anayetafuna karoti huku akitazama paa za nyumba zikipita. Hakuna mgongo wa kugonga. Akashika nguzo. Kando ya mlango kulikuwa na kitufe cha kuomba msaada, chekundu, kikubwa. Akakiwekea kidole. Atasema nini? Nimeiba mtoto, na wa kwangu nimemtupa? Wataandika jina lake. Watampigia Sidsel. Sidsel atakuja na uso ule wa Krismasi, na safari hii hata hatasema neno, na mwezi wa saba hautafika kamwe.

Akaondoa kidole.

Mtoto mwenye nywele nyekundu akafumbua macho, akamtazama sana huyu bibi mgeni, kisha akamtabasamia kwa ufizi mtupu.

Alishuka kituo cha kwanza, akavuka upande wa pili. Ubao ulisema dakika tatu. Akasimama pale na mtoto wa watu, redio ameibana sikioni, anasikiliza mikwaruzo. Akawaona kuku wake. Akamwona mama yake akimuuliza kwao wapi. Akajaribu kukumbuka rangi ya kofia ya Vigga na isimjie, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti, mbele za watu, na watu wakatazama viatu vyao kwa adabu. Dakika tatu zile hatazisahau, hata akisahau mengine yote.

Treni iliporudi alitoka mbio. Alikata njia ya baiskeli bila kutazama, kengele zikamlilia, na mtu akafoka, "We bibi, unataka kufa?" Angekuwa na pumzi angemwambia ndiyo.

Chini ya dirisha la mgahawa mwanamke wa koti la kijani alikuwa amesimama, amemlaza Vigga shingoni, anayumba taratibu kama wanavyoyumba wanawake wote duniani. Kofia ilikuwa ya kijivu. Bodil akasimama, hakuweza kupiga hatua nyingine.

"Ni wako?" mwanamke aliuliza, anatabasamu. "Alikuwa analia maskini, na mtu hatoki. Nikasema si vizuri kumgusa, lakini jamani, nimwache hivyo hivyo?"

Kisha macho yake yakashuka kwenye kigari alichokuja nacho Bodil. Yakaenda kwenye pengo lililokuwa katika safu. Yakarudi.

"Huyu ni wako," Bodil alisema. "Nilichukua cha pili. Nilihesabu, nikachukua cha pili. Nisamehe."

Mwanamke hakupiga yowe. Alimkabidhi Vigga kwa uangalifu mkubwa, akainua kitambaa, akamtoa mtoto wake, akaketi chini pale pale kwenye mawe ya barabara huku amemkumbatia. Alimpapasa vidole vya mikono, kimoja kimoja.

"Mmefika wapi?"

"Kituo kimoja. Nimerudi papo hapo."

"Alilia?"

"Alicheka."

Mwanamke akatikisa kichwa. "Nilikuwa nakitazama kile," alisema, akionyesha kigari cha mwisho kwenye safu. "Nusu saa nzima nakitazama kupitia ukungu wa dirisha, najiambia, mwanangu leo amelala vizuri. Hata nilipotoka kumbembeleza wako sikumfunua wangu, nisije nikamwamsha. Kigari cha mtu mwingine!" Akaanza kucheka, kicheko kisichokuwa na furaha. "Nina miaka thelathini na mmoja. Ungekuwa umeenda naye Uswidi mimi niko ndani nakula keki."

Bodil alikuwa amezika pua katika kofia ya kijivu.

"Sikiliza," mwanamke alisema, sauti chini. "Mimi simwambii mume wangu. Wewe usimwambie mtu wako. Hakuna aliyeumia. Yameisha. Si yameisha?"

"Yameisha," Bodil alisema.

Ndani ya treni, safari hii, hakukaa. Alishika mpini wa kigari kwa mikono miwili na kumtazama Vigga usoni, kitambaa kimekunjwa juu kabisa, adabu iende zake. Lile neno la mwanamke lilikuwa faraja: miaka thelathini na mmoja, kichwa kizima, na yeye amekosea. Basi si ugonjwa. Basi mtu yeyote. Bodil alijaribu kulishika neno hilo, lakini kila alipolishika alikiona kitufe chekundu kando ya mlango. Kukosea kigari kungeweza kumpata yeyote. Kidole kile alikiondoa mwenyewe, kwa akili timamu, huku akijua kabisa mtoto yuko wapi na anamlilia nani. Hilo halikuhusiana na kusahau. Na lilimtisha kuliko birika.

Ofisi ya Sidsel ilikuwa kando ya mfereji, huko Christianshavn. Sidsel alikuwa akingoja mlangoni, vifungo vya blauzi vimeshafunguliwa nusu.

"Saa sita na nusu! Mama, mimi nilijua utafika saa nane, umepotea, umelia, unasindikizwa na polisi." Akamchukua mtoto, akaketi naye kwenye chumba kidogo cha mapumziko, na Vigga akashika titi kwa pupa. "Alilia?"

"Kidogo."

"Umechoka. Kaa. Nimeongea na Jonas jana usiku, nilitaka kukwambia jioni lakini siwezi kungoja. Mwezi wa saba ni wako. Wiki mbili. Tatu ukitaka."

Bodil aliyasikia maneno aliyoyasukumia viazi siku tisa. Alitaka yamwingie, na hayakumwingia.

Sidsel aliinamisha uso juu ya kichwa cha mtoto, kama afanyavyo kila anaponyonyesha, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akainua macho.

"Mama, tangu lini unajipaka manukato?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, tena nusu yake ni kweli: kuna mwanamke pale mgahawani, alimbeba kidogo. Sidsel angecheka, na mambo yangekwisha hapo. Nje mashua moja ilipita mferejini na watu wake wakawapungia watu wa ukingoni. Bodil aliingoja ipite.

"Sijipaki," alisema. Akavuta kiti, akaketi mbele ya bintiye, magoti yakagusana. "Sidsel. Usinikatize mpaka nimalize."

Mkono wa Sidsel ulikuwa umeshapanda mgongoni kwa mtoto, ukamfunika kisogo, ukatulia hapo. Bodil aliutazama ule mkono, akaanza kueleza.