Darasa la Kuingilia Dirishani

Mama mkwe alipiga simu Jumatano kutoka Butiama.

"Nyangi, Ijumaa nakuja. Nikimkuta huyo mtoto bado anakaa nje ya darasa kama mbuzi wa kufungwa, naondoka naye. Atakaa na mimi. Shule siyo ya kila mtu."

Nikajibu ndiyo mama, maana kwa mama mkwe hakuna jibu lingine. Masatu wangu alikuwa mkekani anapanga visoda vya chupa, rangi kwa rangi. Ana miaka mitano, maneno yake machache, na ukimshika bila kumwambia anaruka kama umemmwagia maji ya moto.

Tangu shule ifunguliwe tulikuwa tunafika naye kila asubuhi kwenye chekechea yetu hapa Kigera, tunaishia kwenye jiwe chini ya dirisha. Mlangoni analia mpaka anatapika. Watu wakasema anaogopa mwalimu, wengine anaogopa wenzake. Mimi nikakaa tu, namwangalia. Wenzake wakimchungulia, anacheka. Mwalimu Hyasinta akichuchumaa karibu, Masatu anampa kisoda. Ila ule mlango wa bati ukisukumwa, unakwaruza sakafu, kwiiiii! Masikio anaziba hata kabla haujaguswa.

"Na mimi nimeona hivyo hivyo," mwalimu akasema. "Kelele ndogo kwetu, kwake ni radi. Tusimlazimishe."

Tukapaka mafuta, mlango ukanyamaza siku moja tu. Tukauacha wazi, mbuzi wakaingia wakala herufi za ukutani, kuanzia a mpaka m.

Alhamisi njia akaipata mwenyewe. Mwalimu aliweka kikombe cha uji cha Masatu dirishani, kwa ndani kidogo. Dirisha lile liko chini, halina nondo. Masatu akaangalia uji, akaniangalia mimi, akapanda jiwe. Mguu mmoja, mguu wa pili, huyooo, ndani! Darasa likapiga makofi ya kimya, yale ya kupunga mikono hewani, waliyofundishwa kwa ajili yake. Mimi huko nje nilikuwa naruka peke yangu kama kichaa.

Ijumaa asubuhi hakuna mtoto aliyetaka mlango. Wote foleni dirishani, na Masatu amesimama ndani, anawapa mkono mmoja mmoja. Yeye, asiyependa kushikwa!

Ndipo bodaboda ya Mugeta ikaingia, mama mkwe nyuma na mwili wake mkubwa, kilemba juu.

"Hii ni shule au zizi limevunjwa?" akauliza. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yuko ndani, mama."

"Ndani wapi?"

Masatu akatoa mkono dirishani. "Njoo, bibi."

Mama mkwe akashuka. Hajawahi kuitwa na huyo mtoto tangu azaliwe. Akakunja kitenge.

"Mugeta, geuka huko!"

Akapanda jiwe. Kichwa kikapita, mabega yakapita, halafu basi.

"Nimenasa! Nyangi, sukuma!"

"Mama, siwezi kukushika hapo."

"Sukuma, adabu utairudisha baadaye!"

Nikafumba macho nikasukuma. Ndani mwalimu anavuta, watoto wanavuta mwalimu, wanaimba. Mama mkwe akatua kwenye mkeka na kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, machozi yanamtoka. Masatu akamwekea kisoda kiganjani, chekundu. Akakishika kama amepewa yai.

Alikaa mpaka uji ukaisha. Akamwona Masatu anagawa vikombe, akapunga mikono hewani kama wengine. Halafu akasimama.

"Sasa natoka, ila dirishani sirudi ng'o."

Akasukuma mlango kidogo. Kwiii! Masatu akajikunja, mikono masikioni. Mama mkwe akauachia kama umemuunguza.

"Ndiyo hiki kinamliza?"

"Ndiyo, mama."

"Hiki tu?" Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwagaga nasema hana akili! Mwalimu, peleka watoto uani kwanza. Mugeta! Spana!"

Mlango ukafunguliwa bawabani, ukatolewa, ukafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Masanja fundi wa kuchomelea ataunyoosha kabla ya Jumatatu, na mbuzi watafukuzwa na yeyote aliye karibu.

"Mama," Mugeta akasema, "si ulisema abiria wa kurudi ni mtoto?"

"Endesha wewe! Jumatatu naurudisha mwenyewe, na Masatu nimkute humo ndani."

Wakaondoka, yeye amekaa upande, ameukumbatia mlango. Watoto, waliokuwa wamerudi darasani, wakarukia dirishani wote kwenda kumpungia. Masatu peke yake akapita pale mlango ulipokuwa, akatoka, akampungia bibi yake. Vumbi lilipotulia akageuka, akarudi ndani, palepale.